Mama Nyasi Akishanusa

Mama Nyasi hakuwa mtu wa kupendwa siku ya kwanza. Mimi nilimchukia msimu mzima kabla sijaanza kumheshimu, na hata nilipomheshimu niliendelea kumwogopa kidogo. Alikuwa na stoo ya nyasi kavu Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, mabati juu na mabati pembeni, na mlangoni kulikuwa na kiti cha plastiki ambacho yeye hakukikalia hata siku moja. Kilikuwa cha wateja. Akikuambia "kaa hapo kidogo," ujue leo hupati kitu, anatafuta tu pa kuanzia kukunyima.

Mimi ni saisi. Kazi yangu ni kulisha, kuosha na kutunza farasi wa watu katika zizi moja karibu na Barabara ya Ngong, na nyumbani ni Kibera, Kambi Muru. Watu wakisikia kazi hiyo huniuliza kama huwa ninapanda. Hakuna anayeuliza farasi wanakula nini. Wanakula nyasi kavu, kutwa kucha, na nyasi hizo zikiwa na ukungu farasi atakohoa mpaka umhesabu mbavu, au tumbo litamfunga, ajibwage chini na kugaagaa, na hapo umwite daktari huku unaomba Mungu. Ng'ombe akila kitu kibaya hucheua, akatafuna tena, maisha yakaendelea. Farasi hawezi hata kutapika. Miezi ya jua jambo hilo halimsumbui mtu. Ni mvua ya Aprili inapoanza ndipo utawaona masaisi, watu wazima na ndevu zao, wakizunguka mtaa hadi mtaa na kuingiza mikono kwenye nyasi za wenyewe.

Na sote tulikuwa tunaishia kwa Mama Nyasi.

Lori likimfikia, hakutazama marobota ya juu. Alipanda mwenyewe na gambuti zake na koti la kiume lililomfika magotini, akasimama kule juu, akanyoosha kidole.

"Toa ya katikati."

"Mathe, zote ni sawa," dereva alikuwa akisema. "Zimetoka shamba moja."

"Kama zote ni sawa, ya katikati pia iko sawa. Toa."

"Na hii mvua?"

"Kwani ni mvua imekuleta ama ni mimi nimekuita?"

Basi walifukua. Robota likitolewa alikata kamba kwa kisu, akatumbukiza mkono hadi kiwiko, akatulia. Kisha akachomoa nyasi kutoka moyoni mwa robota lenyewe, akazipeleka puani na kufumba macho. Hapo kila mtu alinyamaza, hata wale wa mikokoteni ambao kwa kawaida hawanyamazi. Akifumbua macho alisema neno moja tu, "shusha" au "rudisha", na neno hilo halikuwa na rufaa. Nimeona lori zima likirudi lilikotoka, dereva akilaani njia nzima, kwa sababu ya konzi moja ya nyasi.

Kulikuwa na desturi pale ambayo hakuna aliyetufundisha lakini sote tuliijua. Mama Nyasi akishanusa, hakuna anayenusa tena. Unabeba, unaenda. Kunusa baada yake ilikuwa ni kumwambia mbele ya watu kwamba ni mwongo. Jamaa mmoja wa Dagoretti aliwahi kujisahau akazinusa nyasi alizopewa. Mama alimpokonya robota lake taratibu, bila kelele, na hakumuuzia tena. Jumapili walikutana kanisani na akamsalimia vizuri kabisa, akamwuliza habari za watoto na za mke. Nyasi ndizo hakupata.

Usije ukadhani alikuwa mtakatifu. Ukimuudhi alikuambia hakuna nyasi, na nyuma yake stoo imejaa hadi mabati yanabenuka. Akija mtu wa ng'ombe alimpa za daraja la pili na kumwambia wazi kuwa ni za daraja la pili, akibishana naye kana kwamba mtu huyo ndiye aliyetaka kumuuzia. Zile mbovu kabisa, zenye ukungu mweupe, alikuwa akiziweka kando, na kwa muda mrefu sikujua anazipeleka wapi. Siku moja akaja kijana nadhifu anayepamba harusi. Siku hizi harusi za bustanini watu hukalishwa juu ya marobota ya nyasi ili picha zitoke vizuri. Mama Nyasi akamuuzia zote, na akamsaidia kupakia.

"Mama, hizo si zimeoza?" nikamnong'oneza.

"Kwani wataikula? Matako haishikwi na tumbo."

Alicheka mwenyewe, akatoa kikopo chake cha ugoro, akavuta puani na kupiga chafya. Hilo nalo lilinishinda. Pua ambayo sisi sote tuliitegemea, yeye aliijaza tumbaku asubuhi na jioni. Nilipomuuliza aliniambia ugoro ndio unaosafisha njia. Sijui. Mimi nilichokijua ni kwamba miaka yote hiyo pua yake haikuwahi kumwangusha farasi wangu hata mmoja.

Majirani zake walimpenda kwa sababu nyingine. Nyasi zikifungwa mbichi hujipasha moto zenyewe ndani kwa ndani, na mwishowe huwaka, na kule Kawangware nyumba moja ikiwaka hujui moto utasimama wapi. Kwa hiyo Mama Nyasi alikuwa na nondo ndefu ya chuma. Aliichomeka katikati ya rundo, akaiacha, akaenda kufanya mambo mengine. Akirudi aliichomoa na kuigusisha shavuni kama mtu anayejaribu pasi. Ikiwa na joto, rundo zima lilivunjwa saa hiyo hiyo, mvua iwe inanyesha au la. Jumapili hakuuza, lakini kutoka kanisani alipitia stoo kwanza, bado amejifunga kitambaa chake cha kina mama wa kanisa, akachomoa nondo na kuiweka shavuni. Mama mmoja mwenye vyumba vya kupangisha nyuma ya stoo aliniambia kwamba yeye hulala kwa sababu ya ile nondo.

Kwangu hakuwahi kuuliza habari za watoto. Aliuliza habari za farasi.

"Zawadi anaendelea aje?"

Zawadi ni farasi jike mzee, kifua chake kibovu tangu nimjue, na vumbi kidogo tu humfanya akohoe usiku kucha. Ndiye ninayempenda kuliko wote, na Mama alilijua hilo.

"Zawadi yuko poa. Na mimi je, Mama?"

"Wewe si nakuona umesimama?"

Halafu ukaja ule ugonjwa wa barakoa. Mama Nyasi akajifungia ndani wiki nyingi, na mjini zikavuma habari kuwa amefariki. Aliporudi alikuwa amekonda, sauti imeshuka, lakini alipanda lori kama zamani, akanyoosha kidole kama zamani, akafumba macho. Sisi tukashukuru. Nikitazama nyuma naona kulikuwa na mambo. Alianza kuvunja mabua karibu na sikio. Alianza kuwauliza madereva maswali ambayo hakuwahi kuuliza: zilikatwa lini, zilinyeshewa, zililala wapi. Alishika nyasi kwa muda mrefu zaidi, akizisugua katikati ya vidole. Tulisema uzee umemzidishia uangalifu. Na misimu iliyofuata haikuwa na mvua ya kutisha, kwa hiyo mkono na sikio vilimtosha.

Mwaka huu mvua ilikuja kwa hasira. Upepo uling'oa mabati ya stoo yetu pale zizini, na kufikia asubuhi nyasi zetu zote zilikuwa zimelowa, za chini zikielea. Tulikusanya zile kavu kidogo za pembeni, zikaisha siku hiyo hiyo. Asubuhi iliyofuata meneja alinipigia simu nikiwa bado natoka Kambi Muru, matope yamenifika juu ya viatu.

"Ukija bila nyasi tutawapa nini?"

"Naenda kwa Mama Nyasi."

"Basi harakisha."

Nilipofika Kawangware nilikuta wenye ng'ombe wameshajaa mlangoni, wanasukumana. Mama aliponiona akawakatisha wote. Akaniuliza habari za Zawadi, nikamwambia tangu jana anakula makombo. Akaingia ndani mwenyewe, akavuta robota, akakata kamba, akaingiza mkono, akanusa, akafumba macho.

"Chukua. Hizi zote za upande huu, chukua."

Nikainama nikalipandisha la kwanza begani, nikiwa na furaha hata nikataka kuimba. Sijapiga hatua, harufu ikanifikia. Si kali. Ni ile harufu ya nguo iliyokaa ndani ya beseni, ya ukuta wa nyumba yenye mvujo. Nyasi hizo zilikuwa zimelowa mahali fulani, zikakauka tena, na ukungu ukabaki ndani. Kwa mkono zilikuwa kavu. Kwa sikio zilivunjika vizuri. Ni pua tu ingeweza kuzikataa, na pua ya Mama ilikuwa imezipitisha sasa hivi, mbele yangu.

Nilisimama pale na robota begani. Nikilibeba na kwenda kulitupa njiani, farasi watalala njaa, na kesho Mama atawapa masaisi wengine zile zile. Nikilipeleka, Zawadi hafiki Ijumaa. Nikiongea, nimemvunjia mwanamke huyu jina lake lote mbele ya wateja wake. Nikalishusha.

"Mama, hii hapana."

Wenye ng'ombe wakaacha kusukumana. Mama akageuka.

"Umesemaje?"

"Hii ina ukungu."

"Umeinusa?"

"Sijainusa, Mama. Nimeibeba tu, ikanifikia."

"Leo saisi amekuwa daktari," mmoja wa wale watu akasema, akacheka, akaona hakuna mwingine anayecheka.

Nilitegemea matusi. Badala yake alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Akainama, akachukua konzi kutoka lile robota, akaipeleka puani. Akaivuta kwa nguvu. Akaivuta tena. Kisha uso ukamkauka.

"Toka."

"Mama, si..."

"Nimesema toka kwa stoo yangu. Rudi Kibera. Hakuna nyasi."

Nikatoka. Nilikuwa na hasira, na nasema kweli, hasira yenyewe haikuwa ya nyasi. Nilijua jinsi alivyomuuzia yule wa harusi. Nikajiambia leo amenifanya mimi wa harusi, ameona mvua imenikaba koo akaamua kunisukumia takataka. Nilitembea nikiongea peke yangu kama mwehu.

Nilizunguka. Kule Riruta nilimkuta mtu aliyefunika nyasi zake kwa nailoni, akazikaza pande zote, akijisifu kwamba tone halijaingia. Hilo ndilo kosa la kila anayeanza biashara hii: mvua haiingii, lakini jasho la nyasi halitoki. Alipofunua mvuke ulinipiga usoni kama wa sufuria. Mwingine alikuwa na mabua ya ngano, ambayo humfunga farasi tumbo. Mwingine alikuwa anauza majani mabichi ya kando ya barabara ndani ya magunia, yanachuruzika maji, tayari yameanza kupata joto. Farasi mwenye njaa ukimjaza hayo, umemuua kwa mkono wako. Meneja alipiga tena.

"Leta yoyote. Bora iwe nyasi."

"Bosi, si yoyote."

"Wewe unataka wafe njaa?"

Farasi asiye na kitu tumboni naye hupatwa na tumbo. Pande zote mbili ilikuwa shimo.

Nilirudi zizini mikono mitupu. Tuliwapa pumba zilizobaki na karoti, wakamaliza bila kupumua. Walikuwa wameanza kutafuna mbao za milango. Zawadi hakutafuna kitu. Alikuwa amesimama pembeni, kichwa chini, na nilipokuwa namtazama akageuza shingo polepole akautazama ubavu wake mwenyewe, kisha akakwaruza sakafu kwa kwato. Kila saisi anaijua ishara hiyo. Nikaweka sikio tumboni kwake. Kulikuwa na sauti, lakini ndogo, ya mbali. Nikamtoa nje nikaanza kumtembeza chini ya mvua, maana akilala hatuna bahati. Nilimwomba asilale. Nilimwomba kama mtu, kwa jina.

Tukiwa bado tunazunguka uwanja, mkokoteni ukafika getini.

Aliyeuvuta alikuwa jamaa mzima wa miraba minne, amelowa mpaka mvuke unamtoka. Nyuma yake, akisukuma, alikuwa Mama Nyasi. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga kwetu. Alisimama nje ya geti akiwatazama farasi kwa mashaka, na sikujua mpaka siku hiyo kwamba anawaogopa.

"Huyo ndiye?" akauliza.

"Ndiye Zawadi."

"Mbona unamtembeza?"

"Tumbo linataka kufunga, Mama. Hana kitu ndani."

Akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na marobota aliyoyachagua mwenyewe kwa mkono kutoka stoo nzima. Vidole vyake vilikuwa vimechanika.

"Kuja unuse."

"Mama, wewe si ushanusa."

"Nimesema kuja unuse. Moja moja. Na useme kwa sauti, huyu wa mkokoteni pia asikie."

Nikampa saisi mwenzangu kamba ya Zawadi, nikaenda. Nikakata kamba ya la kwanza, nikachomoa nyasi za katikati, nikanusa. Ukungu. Nikamtazama.

"Sema."

"Hii hapana."

Akalisukuma yeye mwenyewe likaanguka matopeni. La pili hapana. Likaanguka. Mvutaji wa mkokoteni akanung'unika, "Mathe, tumezisukuma kutoka Kawangware hizi," na Mama akanisogezea jingine. Lililofuata nikanusa, nikarudia, sikuamini. Nikafukua zaidi nikanusa tena.

"Hii iko sawa."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mama. Hii iko sawa kabisa."

Nikabeba konzi mbili nikakimbia. Zawadi alinusa, akapuliza puani, na kwa muda hakufungua mdomo. Kisha akachukua bua moja. Akatafuna. Akachukua tena. Nikaweka sikio tumboni nikangoja, nikasikia mngurumo ule mzito unaorudi kama maji kwenye mfereji, na hapo ndipo machozi yakanitoka mbele ya kila mtu, na sikuyafuta.

Nilirudi getini kumalizia yaliyobaki. Mengi yalikuwa hapana. Machache yalikuwa sawa, ya kutuvusha mpaka barabara zilizofungwa na mvua zifunguke. Mvutaji aliyapeleka ndani, tukabaki wawili. Mama alikuwa ameegemea mkokoteni mtupu.

"Si ati nilikuwa nakudanganya," akasema.

"Najua, Mama."

"Hujui. Tangu ule ugonjwa sinusi kitu. Chai, sabuni, moshi, hakuna. Nilisema itarudi. Kila lori nafunga macho nasema labda leo." Akajigusa pua. "Hata ugoro navuta bado, ndio nione kama itawasha. Haiwashi."

Nilimwonea huruma, na niliona aibu kwa yale niliyokuwa nikimsema njia nzima. Akaokota nyasi chache nzuri zilizobaki kwenye mbao za mkokoteni, akazipeleka puani, akafumba macho.

"Inanuka aje?"

"Iko sawa, Mama."

"Sijauliza kama iko sawa. Nimeuliza inanuka aje."

Nikazichukua kutoka mkononi mwake. Miaka yote hiyo nilikuwa nikinusa ili kutafuta ubaya tu, usipokuwepo naenda zangu. Nikanusa.

"Ni kama majani chai kwa pakiti, kabla uweke kwa maji," nikasema. "Na ni kama shuka imeshinda kwa jua. Halafu kuna utamu kiasi, kwa nyuma, kama ya bua ya mahindi ukiitafuna."

Alikuwa bado amefumba macho. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni.

"Endelea."

"Ni hivyo tu, Mama."

"Hapana, kuna kitu umeacha. Nusa tena. Nusa pole pole."

Nikaingiza pua kwenye nyasi, nikavuta pumzi, nikaendelea kumwambia.